Viatu Nilivyotoa Kanisani

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa. Shule niliishia ya msingi.

Asubuhi hii jirani amepaka viatu rangi, na harufu yake imenirudisha kwenye mchezo wa Noeli kanisani. Niliigiza Papa Noeli, yule mzee wa kugawa zawadi, nikiwa bado mtoto. Nilipaswa kumpa mwenzangu viatu vyangu vipya vya shule, kisha anirudishie nyuma ya pazia.

Nilipompa, padri alisimama. "Muone roho ya huyu mutoto! Na we, baki nayo, ni yako!"

Kanisa lote likapiga makofi. Mwenzangu kweli hakuwa na viatu. Padri hakujua kwamba vingerudishwa. Nikasimama tu nikitabasamu, miguu ikiganda kwenye sementi.

Nje watoto wakanizunguka: "Papa Noeli, na mi unipe suruali!"

Mama hakucheka. "Shule utaenda na nini? Kesho uende uombe ile viatu."

Kesho yake nilimkuta mwenzangu mlangoni kwao, mama yake amepiga magoti akimfundisha kufunga kamba.

"Karibu, Papa Noeli!" mama yule akasema, akaniletea chai.

Nikainywa yote, nikaaga.

Wewe ungeviomba? Niandikie, tafadhali.