Dohani ya Matrah

Juzi nimeivunja nyumba ya matofali mekundu ya Matrah, hapa Maskati, kwa wafanyakazi wangu mwenyewe. Mimi niliyeishia darasa la nne, rafiki yangu, nimejenga majumba Al Khoudh mpaka Al Amerat, na mainjinia wenye vyeti vyao hunipigia simu kuniuliza. Lakini juzi nilirudi nyumbani nimechoka, hata chai sikuitaka.

Aliijenga Mngereza mmoja, enzi za malkia wao wa zamani. Matofali yalikuja na meli. Paa la mgongo, la kuteremshia mvua, madirisha membamba, na sebuleni meko ya kuotea moto, na dohani yake. Kuota moto, Matrah! Tulipofika kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, bibi yangu alionyeshwa nyumba mbili. Ya udongo, yenye paa la kulala watu, akaikataa. "Masika ikija itatuvujia," akasema. Masika, Maskati!

Joto lilipoingia, mtaa mzima ulihamia juu ya mapaa. Letu halilaliki, tukaiva ndani kama mikate. Jirani yetu, mama aliyepata kuishi Pemba, hakutuacha: "Bi Mkubwa, hiyo masika yako imekwama bandari gani?"

"Itafika," bibi akijibu, jasho linamchuruzika.

Ikafika mwaka wa pili, wakati wa baridi, siku mbili haikatiki. Mapaa ya udongo yakaanza kumong'onyoka. Wa kwanza kupiga hodi alikuwa jirani, mkeka kichwani.

"Karibu, mwanangu," bibi akamwambia. "Pangusa miguu, usije ukaniingizia masika yangu ndani."

Akawasha moto kwenye meko ya Mngereza kwa makuti ya mtende, akakaanga maandazi ya iliki, na mtaa mzima ukakausha nguo pale. Tangu Unguja sikuwa nimemwona akicheka vile.

Nilipopata pesa niliinunua, nikaapa nitaitengeneza. Kila mwaka villa ya mtu mwengine ikatangulia. Chumvi ikala matofali, kuta zikapasuka, na mimi, fundi wa watu, naipita na gari.

Dohani tuliiangusha mwisho. Nikaokota tofali moja, masizi yakanipaka kanzu yangu ya dishdasha.

Sasa nna nyumba kubwa, paa la zege, halivuji tone. Mvua ikinyesha, hapigi hodi mtu.