Posa Iliyokwama Majini

Ilikuwa Novemba, miaka ya tisini, na sisi tulikuwa tukikaa Hail, pembeni mwa mji wa Maskati. Mama alikuwa jikoni tangu asubuhi, sambusa na vitumbua havina hesabu, maana alasiri ile walikuwa wanakuja watu kutoka Darsait, upande wa pili wa mji, kumposa dada yangu.

Dada alikuwa keshapita thalathini. Posa mbili zilikuwa zimeshavunjika mikononi mwa mama: moja kwa sababu wageni walichelewa, ya pili hata sijui kwa nini. Hii ya tatu dada alikuwa anaitaka. Yule bwana akifanya kazi naye wizara moja, Al-Khuwair, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba dada anampenda. Aliponiambia alilia, yeye ambaye hata msibani halii.

Saa tisa simu ikalia. Alikuwa mama wa bwana.

"Samahani dada yangu, huku Darsait dhoruba imeingia kutoka baharini. Upepo huo, mvua hiyo, na wadi linashuka, bonde lote maji. Tutajaribu, lakini sijui kama tutafika."

Mama akatazama dirishani. Jua linawaka, nguo kwenye kamba zimekauka kau.

"Mvua ya wapi, bibi? Mie huku nnatafuta kivuli!"

Mama alikulia Unguja, na masika aliyoyajua yeye yalikuwa yakimnyeshea kila mtu. Miaka yote ile Maskati, bado hakuwa amekubali kwamba mvua inaweza kukaa upande mmoja wa mji na kuuacha mwingine. Akaweka simu chini.

"Kisingizio," akasema. "Wasipokuja leo, mlango huu wasiugonge tena."

Dada akakaa kitako kwenye kiti cha jikoni. Nilimwonea huruma. Mara akainuka, akachukua ufunguo wa gari kubwa ya marehemu baba, akanishika mkono.

"Twende."

"Wapi?"

"Kuitafuta hiyo mvua."

"Loo! Mtoto anaposwa leo naye anatoka nje!" mama akapiga kelele nyuma yetu. "Mtaniua nyie!"

Tulipopita uwanja wa ndege palikuwa bado pakavu. Kufika Ghubra mbingu ikawa nyeusi. Al-Khuwair, wallahi, waipa zilishindwa kazi, na mvua ya mawe ikaanza kupiga boneti. Vijana walikuwa wametoka madukani wanaruka kwenye maji kwa furaha, na mimi nikafungua dirisha nikapiga vigelegele. Dada tu ndiye hakucheka. Alikuwa anatazama kila gari.

Tukawaona barabara ya chini: kigari cheupe, maji yamefika milangoni, bwana kapandisha kanzu magotini anasukuma, mama yake ndani kapakata sinia la zawadi.

"Wameondoka," dada akasema. "Wameondoka nyumbani na mvua yote hii." Akafuta macho, akachukua kamba ya kuvutia iliyokuwa nyuma ya gari, akashuka nayo.

Bwana alibaki mdomo wazi. "Umefikaje hapa?"

"Funga kamba huko, tutazungumza baadaye."

Mama yake akatoa kichwa dirishani. "Huyu nani?"

"Ndiye, mama."

"Ndiye nani?"

"Ndiye tunayekwenda kumposa."

Bibi yule alicheka, sinia nusura limponyoke.

Injini yao ilikuwa imekufa, basi tukawavuta polepole mpaka Hail, ambako hakukuwa na hata tone. Mama alisimama mlangoni akawatazama wanavyochuruzika, akatazama mbingu, akawatazama tena.

"Kumbe kweli," akasema kwa sauti ndogo, akakimbilia kanga na taulo.

Walipokauka kidogo na kahawa ikamiminwa, mama wa bwana akatoa maneno yake kwa adabu. Mama naye hakukubali kuonekana mwepesi. Akakaa sawa.

"Tumesikia. Lakini mtoto lazima tumuulize."

Kwetu binti akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza ndiko kukubali. Dada akaitwa, akasimama mlangoni, miguu bado ina tope. Mama akamuuliza. Sote tukainamisha macho, tukausubiri ukimya.

"Mama," dada akasema, "nimewavuta kwa kamba kutoka Al-Khuwair mpaka kwako. Unaniuliza nini tena?"