Kijakazi Akaa Kiti cha Nyuma

Kijakazi binti Mbarouk hakuwa mtu wa kutulia. Arusini alikula pilau yake amesimama mlangoni, na msibani alikuwa wa kwanza kuuliza vyombo vya kuosha viko wapi. Alizaliwa Pangani, akafanya kazi za ndani Maskati, akaolewa Dallas, akaachika, akahamia Silver Spring, kisha Woodbridge, na sasa alikuwa Temple Hills, katika fleti ambayo picha zake bado zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikisubiri misumari. Dada zake wakimpigia simu walianza kwa kuuliza, "Uko wapi sasa?" Wala hawakuwa wakitania.

Kazi yake ilikuwa kuendesha basi la abiria. Mtu angedhani kazi hiyo inamfaa, kumbe ilimtesa. Basi la mjini linasimama kila baada ya hatua chache, na likisimama, mguu wake wa kulia ulikuwa unachezacheza juu ya breki mpaka abiria wa mbele wanautazama. Ndiyo maana Jumamosi alikuwa akipanda baiskeli mpaka mapaja yatetemeke, na jioni yake alilala usingizi wa mtoto.

Mama mmoja wa duka la baiskeli Silver Spring ndiye aliyemwambia kuhusu kikundi kinachowakutanisha watu wasioona na waendesha baiskeli wenye macho. Wanapanda baiskeli ya watu wawili. Wa mbele, wanayemwita kapteni, ana usukani, gia na breki. Wa nyuma ana pedeli tu, na pedeli za wote wawili zimeunganishwa kwa cheni, hivyo mmoja akikanyaga, miguu ya mwenzake inazunguka apende asipende. Kijakazi alijiandikisha siku hiyo hiyo, akakutanishwa na Nehemiah.

Nehemiah alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye kifua kipana na sauti ya kwaya. Macho yake yalikuwa yamezimika pole pole kwa presha ya macho, akiwa bado kijana. Kazi yake ilikuwa kutafsiri kwa simu, Kiswahili na Kifaransa, kati ya wagonjwa na madaktari wasioelewana lugha. Wiki nzima alikuwa amekaa chumbani, vipokea sauti masikioni, akipokea maumivu ya watu asiowajua na kuyakabidhi kwa watu wengine asiowajua. Ikifika Jumamosi, naye alikuwa na haja ya upepo.

Siku ya kwanza Kijakazi aliondoka kama aliyekuwa peke yake. Aliingia kona bila kusema neno, na Nehemiah nusura amwagike.

"Dada," Nehemiah alisema walipofika taa nyekundu, "weye unaona, miye sioni. Unipe habari."

Tangu hapo akawa anampa. Shimo. Kona kushoto. Tunashuka. Kanyaga. Acha. Hakuongeza zaidi ya hapo, na kwa miaka miwili ilitosha.

Njia waliyoipenda ilikuwa ya kusini, kaunti ya Calvert. Vumilia, mke wa Nehemiah, aliwapeleka kwa gari mpaka kwenye uwanja wa kanisa moja, akawashusha na baiskeli yao, kisha akatangulia ufukweni kuwasubiri. Wao walishika barabara ya vilima, katikati ya mabanda ya zamani ya kukaushia tumbaku, wakipanda na kushuka, mpaka Ghuba ya Chesapeake inapojitokeza ghafla. Hapo ardhi inakatika. Majabali yanasimama wima juu ya maji, meupe mahali, ya kijivu na ya manjano mahali pengine, na udongo wake ukiushika unakuachia unga mkononi kama chaki ya darasani. Barabara inafuata ukingo huo mpaka inaposhuka kwenye mchanga.

Majira ya kuchipua mwaka huu, walikuwa wamevuka kilima cha pili tu Nehemiah alipouliza, "Dada, leo uko na nini?"

"Sina kitu. Tunapanda, kanyaga."

"Miguu yako inakimbia, halafu inasimama, halafu inakimbia. Miye niko nasikia hapa kwenye pedali. Bamekufukuza kazi?"

Kijakazi alibadilisha gia. Kilima kilikuwa kimekaza, na kwa muda wa pumzi kadhaa alifikiri kwamba akinyamaza, swali litapita. Halafu akaona ni heri aseme huku anatazama mbele, kuliko kuja kusema uso kwa uso.

"Nimepata kazi Columbus, Ohio. Mabasi ya safari ndefu. Mwezi wa sita naondoka."

Nehemiah aliacha kukanyaga. Aliiacha miguu yake ikawa mizito kama magogo, na baiskeli ya watu wawili haipandi kilima kwa miguu ya mmoja. Iliyumba kulia, ikayumba kushoto, Kijakazi akawahi kuweka mguu chini kabla hawajalala wote kwenye majani.

"Ungetuua," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu baridi."

"Tangu baridi," Nehemiah alirudia. Alishuka, akashika kiti chake kwa mkono mmoja asipoteze mahali alipo. "Kila Samedi, Jumamosi kwa Jumamosi, uko nasema tu shimo, kona, shimo, kona. Kumbe shimo kubwa uko nalo mufukoni."

"Kaka Nehemiah, ningekwambia."

"Kupata mutu wa mbele ilinichukua muda, dada. Bengine banaogopa. Bengine banakuja mara moja, banapiga picha, banapotea. Na huko Ohio unaenda kufanya nini? Una mutu?"

"Sina mtu."

"Basi juu ya nini unaenda?"

Lori lilipita karibu, likawapuliza vumbi. Kijakazi alijifuta vumbi usoni. Alijua tu kwamba asubuhi hizi akiamka na kuona dirisha lile lile na mti ule ule, kifua chake kilikuwa kinabana, na kwamba jina la mji ambao hajawahi kufika lilikuwa linakilegeza.

"Sijui," akasema. "Nikikaa nawashwa."

Nehemiah alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia tafsiri sahihi ya neno asilolipenda. Wakamaliza safari ile bila mazungumzo mengine. Shimo. Kona kulia. Acha.

Kijakazi hakutaka kuondoka na deni la namna hiyo moyoni. Alizunguka kutafuta mtu wa kukaa mbele, na mtu akapatikana: Elisante, Mpare wa Woodbridge, fundi wa lifti, aliyekuwa akipanda baiskeli peke yake kila wikiendi. Alikuwa mpole mpaka unasahau kwamba yumo chumbani. Kijakazi alimpigia Nehemiah kumpa habari njema.

"Simujui," Nehemiah akasema. "Akupakie weye kwanza. Ukae nyuma, aendeshe vilima byote mpaka kwenye majabali. Ukifika muzima, na miye nitapanda."

"Mimi nikae nyuma?"

"Kapteni ni yeye, hapana?"

Hivyo Jumamosi iliyofuata Vumilia aliwashusha Kijakazi na Elisante pale kanisani, akaondoka na mumewe kwenda ufukweni. Elisante alikagua breki, akakagua magurudumu, akakagua breki tena.

"Dada, uko tayari?"

"Siku nyingi."

Hawakwenda mbali kabla Kijakazi hajaanza kuteseka. Mbele yake palikuwa na mgongo wa Elisante tu, fulana ya manjano kutoka bega hadi bega. Mikono yake ilishika usukani wa nyuma, ambao ni chuma kilichofungwa, haugeuki popote. Vidole vyake vilitafuta breki visizikute. Kwenye mteremko wa kwanza alipiga kelele apunguze, upepo ukachukua sauti. Kwenye kona aliegemea upande anaoujua yeye, na baiskeli ikakataa.

"Dada," Elisante alisema bila kugeuka, "ukivuta hivyo siwezi kuinyoosha. Naomba ukae tu."

Kukaa tu. Hakuna aliyewahi kumwomba jambo gumu zaidi. Alibana meno, akakodolea macho mshono wa ile fulana. Alikuwa anahesabu kwamba wamekaribia daraja dogo la mbao pale gurudumu la mbele lilipoingia shimoni, na pigo likapanda kiti chake mpaka kisogoni.

"Mbona husemi?" alifoka. "Shimo hulisemi? Huyo utakayempakia haoni, Elisante. Utamvunja mgongo. Sema kila unachokiona."

Masikio yalimwiva Elisante. Kisha akaanza. Alisema kwa sauti ile ile ya fundi anayesoma vipimo, na kwa kuwa aliambiwa kila anachokiona, alisema kila anachokiona.

"Shimo dogo, nimelikwepa. Kona kushoto. Nyumba ya bati jekundu. Farasi watatu, mmoja kavalishwa blanketi. Mzee yuko juu ya trekta, ametupungia mkono. Tunapanda sasa. Ua limeanguka. Kuna kiatu cha mtoto barabarani, kimoja. Kona kulia, kali. Napunguza."

Kijakazi alisikiliza. Mwanzoni ilimchekesha. Baadaye akatambua kwamba kuhusu mzee yule wa trekta, ambaye kila Jumamosi huwapungia mkono, hakuwahi kumwambia Nehemiah hata mara moja. Miaka miwili mzee alikuwa akimsalimu mtu asiyejua kwamba anasalimiwa. Joto lilimpanda shingoni, na miguu yake, bila yeye kuiamrisha, ikaanza kwenda sawa na ya Elisante.

Ghuba ikafunguka. Wakafuata barabara ya ukingoni, na Elisante akasema pana nyumba imetolewa mahali pake, imebaki sakafu tu na ngazi, kwa sababu jabali limemeguka chini yake. "Wameihamisha," alisema. "Vizuri. Wangechelewa ingeanguka."

Ufukweni Nehemiah alikuwa amekaa juu ya gogo, viatu kavivua. Aliposikia cheni aliinuka.

"Weye muzima?"

"Mzima. Mgongo unauma. Panda," Kijakazi akasema. Kisha akaongeza, haraka, kabla ujasiri haujamtoka: "Kuna mzee wa trekta kule kwenye kilima cha pili. Kila siku hutupungia mkono. Sikukwambia."

Nehemiah akauliza: "Kila siku?"

"Kila siku."

"Miye nilikuwa nasikia trekta," alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu. "Nilifikiri ni kelele tu."

Alivaa viatu, akapanda nyuma ya Elisante, na wawili hao wakarudi juu kwa barabara ile ile ya ukingoni. Kijakazi akabaki mchangani na Vumilia. Vumilia alimkatia kipande cha mkate wa ndizi, akamwambia aketi. Aliketi, akasimama, akaenda mpaka penye maji, akarudi. Alichukua bonge la udongo mweupe lililoanguka kutoka jabalini, akalisaga kiganjani mpaka likaisha.

"Watarudi," Vumilia alisema.

"Najua."

"Wewe unajua, lakini unatembea."

Walipoonekana tena juu ya jabali, wadogo, wakienda taratibu kuliko alivyowahi kwenda yeye, alimwona Nehemiah ameinua mkono, anampungia mtu au kitu ambacho kutoka chini hakikuonekana. Kijakazi alisikia wivu ukimchoma, wivu wa dhahiri, na akashangaa, kwa maana hakuna aliyemfukuza.

Mwezi wa sita akahama. Ohio ni tambarare na barabara zake zimenyooka, na mabasi yanakwenda saa nyingi bila kusimama, kama alivyotaka. Jumapili humpigia Nehemiah, naye humweleza kwa kirefu walichokiona, mpaka rangi ya ng'ombe, huku akilalamika kwamba Elisante anakamata breki na kwenda polepole kama bibi harusi. Juzi Kijakazi alimuuliza kama kile kiti cha nyuma kina mtu Jumamosi ya sikukuu ya wafanyakazi, ambayo huko huwa mwezi wa tisa.

"Kiko na mutu," Nehemiah akasema. "Miye."

"Najua. Nauliza tu."

"Ukuje. Elisante anasema kikundi kiko na velo ingine, baiskeli ya batu babili. Utakaa nyuma ya Vumilia, anajifunza." Kisha akauliza: "Dada, uko natembea ndani ya nyumba? Niko nasikia."

"Natembea," Kijakazi alisema, akaendelea kutembea.