Tekla Kalinga arudi kwenye kompyuta alizozitengeneza vibaya

Saa mbili asubuhi, ukungu haujaondoka Mafinga na malori ya mbao yanapita yakiwa yamewasha taa. Katika ofisi ya parokia moja pembezoni mwa mji, Tekla Kalinga (34) anavuta kiti na kuketi mbele ya monita.

Nyuma yake amesimama Mama Sabina, karani wa ofisi hiyo kwa miaka ishirini na miwili.

"Mama, nimekuja kurekebisha kosa langu," Tekla anamwambia.

"Kosa gani? Mbona kompyuta inawaka?"

Tekla ni fundi. Huchukua kompyuta kuukuu ambazo Windows imezishinda, huziwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta usiolipiwa, kisha huzipeleka kwenye shule, zahanati na ofisi za wauza mbao, kuanzia Mafinga kupitia Igawa hadi Mbeya. Ufundi aliupatia Mbeya, akiwa muuzaji wa duka la vifaa vya umeme, kwa kufungua mashine mbovu ambazo tajiri wake alitaka kuzitupa.

Mwaka jana mfadhili aliipa parokia monita mpya. Kioo chake kina nukta nyingi, ndogo mno, hivyo maandishi yalitokea madogo kama mayai ya chawa. Tekla alifanya alichokijua: akapunguza nukta, kutoka 3840 kwa 2160 hadi 1024 kwa 768. Herufi zikawa kubwa, lakini zikatanuka na kingo zake zikafifia.

"Nilipoona zimekua, nikafunga begi nikaondoka. Sikukaa nisome hata ukurasa mmoja," anasema.

Mama Sabina alisoma hivyo kwa miezi minane. Kila ikifika mchana kichwa kilimuuma. Alibadilisha miwani mara mbili. Mwezi Machi alikosea jina kwenye cheti cha ubatizo na familia ikakirudisha. Siku hiyo aliandika barua ya kuacha kazi, akaiweka kwenye droo.

"Nilijua ni uzee," anasema. "Sikutaka Padri ndiye aniambie. Nilitaka nitoke mwenyewe."

Hakumlalamikia mtu. Aliyelalamika ni Ezron, mhasibu wa zahanati moja Mbeya, ambaye Tekla alimtengenezea monita kwa namna ileile. Alimpigia simu kila siku, hadi Tekla akatafuta na kugundua kwamba nukta huachwa zote, kisha maandishi ndiyo yanayokuzwa.

"Hapo nikamkumbuka Mama Sabina. Nikajiuliza, mbona yeye kanyamaza?"

Sasa Tekla anazirudisha nukta zote. Herufi zinasinyaa, na Mama Sabina anaguna. Tekla anaingia kwenye mipangilio, anakuza maandishi hadi asilimia mia mbili. Kila kitu kinatulia na kung'aa, isipokuwa programu ya daftari la ubatizo. Ni ya zamani, haitii. Maandishi yake yamebaki madogo vilevile.

Inamchukua karibu saa nzima. Anaifunga, anaifungua, anakuna kichwa. Mwishowe anaiandikia programu hiyo amri yake peke yake, na inapofunguka tena, herufi zimekua.

Mama Sabina anaketi. Anavua miwani, anaivaa tena. Anatafuta jina moja, analisoma herufi kwa herufi.

"Anyelwisye. Hili ndilo nililolikosea." Anageuka. "Kumbe mwanangu, ilikuwa kioo?"

"Ilikuwa mimi, Mama."

Mama Sabina analitazama tena lile jina kwenye kioo.

"Ungekuja mapema," anasema. Sauti yake haina hasira. Tekla anainamisha kichwa, kisha anamsihi aende akapimwe macho vizuri, asibahatishe miwani tena. Barua bado iko kwenye droo. Mama Sabina anasema ataichana akishamaliza wiki nzima bila kuumwa kichwa.

Zimebaki ofisi kumi ambako Tekla alifanya kosa hilo. Amepanga kuzimaliza zote kabla ya Krismasi, na kila mahali atasoma ukurasa mzima kwa sauti kabla ya kuondoka. Kesho anaanza na Igawa.

"Naweza kukuta mtu alishaacha kazi kwa sababu yangu," anasema akifunga begi. "Sijui nitamwambia nini. Lakini nitamtafuta hadi nyumbani kwake."