Meno ya Hadija na Shingo ya Baba Yake

Siku niliyopeleka posa Mbale naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nusura nirudi Jinja bila mke, na kisa chenyewe kilikuwa maji.

Mimi shule niliiacha praimari ya tatu, na sioni haya kusema. Duka langu la vipuri vya baiskeli nililijenga kwa mikono hii, nikianza na kuziba pancha kando ya barabara. Kwa hiyo ninalokuambia sikulisoma. Nililiona.

Hadija alikuwa binti wa Namakwekwe, mtaa wa Mbale. Wazazi wake walikuwa watu wa Jinja zamani, lakini vita vya mwaka wa sabini na tisa viliwakimbiza, yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Wakajificha kijiji kimoja upande wa mlimani, wakakaa huko miaka na miaka. Nchi ilipotulia ndipo wakashuka Mbale mjini. Nilimwona kwa mara ya kwanza alipokuja Jinja kumtembelea mama yake mdogo, na moyo wangu haukurudi mahali pake.

Basi nikaenda na Shangazi Mariamu wa Mafubira, hapo Jinja, aliyenilea tangu nikiwa yatima. Neno lake kwangu lilikuwa sheria. Tukakaribishwa, tukaketi. Hadija akaleta chai, akatabasamu. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia, mengine yamemomonyoka nchani. Mimi nilikwisha kuyazoea. Shangazi hakuwa ameyaona.

"Eh!" akaninong'oneza, mnong'ono wa kusikika hadi kwa jirani. "Haya ni meno au mahindi ya kuchoma? Hawa watu hawana hata mswaki? Ukoo gani huu?"

Baba yake, Mzee Ramadhani, alikuwa ameketi wima, macho mbele, kama hakusikia. Hilo likamchoma Shangazi zaidi. "Bwana, tumetoka Jinja kuja kwako. Hata shingo hutugeuzii?"

Mzee akatazama mbele vilevile. Mimi nikainamia kikombe changu. Nilimwogopa Shangazi kuliko nilivyompenda Hadija, au ndivyo nilivyodhani. Tayari Shangazi alikuwa anakusanya kanga yake aondoke, adhana ya alasiri ikalia. Mtu haondoki kwenye nyumba ya watu wakati wa sala. Tukasali palepale.

Nilikuwa kando ya mzee. Alisali ameketi kwenye kigoda. Ulipofika wakati wa kutoa salamu ya kumaliza sala, mwanangu, hakugeuza shingo. Aligeuka mzima, mabega na kiuno pamoja, ameshika goti, amebana pumzi. Kulia hivyo, kushoto hivyo. Shingo ile haikuwa na kiburi. Ilikuwa imekauka.

Tulipomaliza akaniuliza, "Kijana, umeona?"

"Nimeona, mzee."

"Basi mwambie shangazi yako. Au umekuja kuoa, ulimi umeuacha Jinja?"

Kaka yake Hadija, Juma, akacheka. Meno yake meupe kama mchele. Shangazi akashtuka. "Na huyu je? Mama mmoja?"

"Mimi hapa nimewazaa wote," mama yao akasema. "Juma meno yake ya ukubwa yalikwisha kutoka tukiwa bado Jinja. Ya Hadija na wadogo zake yaliota kule."

Mzee akaeleza polepole. Kule mlimani walikuwa na pampu moja, maji yake maangavu, baridi, matamu. Walimshukuru Mungu kwa maji yale wakati wa vita. Wakawasugua watoto meno kwa majivu mpaka fizi zikatoa damu, madoa hayakutoka. Wakayachemsha maji, haikusaidia. Nchi ilipotulia wakaja watu wa idara ya maji kupima, wakaifunga pampu. Wakasema yana floridi, madini ya ardhini, iliyozidi. Kidogo hujenga meno, ikizidi huyaharibu yangali ndani ya fizi, na mtu mzima akiyanywa miaka mingi huingia kwenye mifupa na kuikakamaza, kama shingo yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Cha mzee kilikuwa mtungini mwake.

Hapo nikasimama. "Shangazi, ukoo huu hauna kosa. Namtaka Hadija."

Shangazi akauliza, "Na watoto watakaozaliwa?"

Hadija akajibu kutoka mlangoni, bila kuulizwa. "Madoa hayarithiwi, shangazi. Watakunywa maji ya Jinja, watakuwa na meno ya Jinja."

"Ana mdomo huyu," Shangazi akasema. Kisha akaiachia kanga yake. "Haya, nitilieni chai."

Tulioana. Mzee tulimleta Jinja, akanywa maji mema hadi kufa kwake, lakini shingo haikulegea tena. Meno unaweza kwenda mjini ukalipia yang'arishwe. Mfupa uliokwisha kuharibika hivyo haurudi.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayejenga kwako. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usiseme maji ni salama kwa kuwa yanang'aa. Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi inabaki palepale, tena maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi kukolea. Ukiona watoto wa kijiji kizima wana meno ya madoa, usiwacheke na usimpige mtoto kwa ajili ya mswaki. Nenda kawaite watu wa maji wapime kisima. Wakati unangoja, wadogo wape maji ya mvua uliyoyakinga vizuri, maana meno yao bado yanaumbwa. Na ukienda kuposa, kabla hujauliza ukoo, uliza walikunywa maji ya wapi.

Zaidi ya hayo, penye haki ya mtu, sema, hata kama aliyekulea amekukunjia uso.

Mungu akujaalie nyumba yenye maji ya heri, akuoneshe wajukuu wakitafuna miwa kwa meno yao wenyewe, na miguu yako ikubebe mpaka siku atakayokuita. Amina.