Kigoda cha Mringaringa

Chuo kinapofungwa mwezi wa sita, watu wachache wanaofuatilia timu za wasichana wa chuo chetu hapa Babati hurudi kwenye shughuli zao mpaka kifunguliwe tena. Mimi huendelea. Ni mwanamke fundi cherehani, nina banda karibu na soko, na kazi ya kushona fulana za timu ndiyo iliyonipeleka uwanjani mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita. Niliishia darasa la saba. Kanuni za netiboli nilijifunza kwa kitabu nilichoazima kwa mwalimu wa michezo, nikisoma kifungu kwa kifungu, kisha nikienda uwanjani kuangalia kama ndivyo wanavyocheza. Baadaye wakanipa filimbi kwenye mechi za kirafiki, na tangu hapo wachezaji wananiita refa, hata wakija bandani kupunguziwa sketi.

Nilichokiona kwa muda huo wote ni kwamba timu hizi hupoteza wachezaji wengi zaidi likizo kuliko uwanjani. Mtu anaondoka akiwa mzima, anarudi na mimba, au harudi, au anarudi amekonda kwa sababu amevuna mashamba ya watu wawili. Michezo ikisimama, mwili wa mchezaji unarudi kwa wenyewe, wazazi na ndugu, nao wana kazi nao. Ndiyo maana wakati wa likizo mimi huchukua fulana zilizochanika, na nikimaliza kuzishona nazipeleka mwenyewe nyumbani kwa mchezaji. Nakwa, Bonga, Sigino, popote ninapoweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nakaa, nakunywa chai, naangalia anavyotembea.

Mwaka jana fulana yangu ya kwanza ilikuwa ya senta wa netiboli, yenye herufi C kubwa mgongoni na kifuani. Alikuwa anaingia mwaka wa mwisho. Kwenye mechi ya kufungia msimu aliruka kudaka pasi, akatua kwa mguu wa kulia, na kwa kuwa kanuni hairuhusu kuburuza mguu uliotua, aliugandisha chini na kugeuza mwili. Mwili uligeuka, goti halikugeuka. Sisi tuliokuwa karibu tulisikia.

Mimi na mwalimu wa michezo ndio tuliompeleka hospitali. Picha ilionyesha kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Daktari alisema apumzike, uvimbe ukishuka arudi aanzishiwe mazoezi ya kulinyoosha goti, na akilifanyia kazi vizuri, chuo kikifunguliwa anaweza kuwa amerudi kiwanjani. Aliyasema hayo mbele ya baba yake, mkulima wa Sigino, mrefu, mpole, aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika kofia. Kwa binti yule jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko mashindano. Alikuwa anasomea ualimu wa michezo, na katika mwaka wa mwisho kuna mtihani wa vitendo. Mtihani ule hufanywa kwa miguu.

Nilikwenda Sigino mara ya kwanza maharage yakiwa yanang'olewa. Sikwenda peke yangu. Golikipa wa timu ya mpira wa miguu, anayekaa Nakwa na aliyekuwa akilala chumba kimoja na senta hosteli, alipita bandani asubuhi akanikuta nafunga mlango.

"Shikamoo refa. Umejipaka mafuta hivyo, unakwenda kuposwa?"

"Marahaba. Nakwenda kumwona mwenzako."

"Basi na mimi nimo. Nimpelekee umbea, maana huko Sigino atakuwa anaongea na kuku."

Tulimkuta uani, amekaa kwenye kigoda kipya, ungo wa maharage mapajani. Mguu wa kulia ulikuwa umekunjwa, wayo umelala chini sawasawa. Goti lilikuwa limepungua uvimbe na uso wake ulikuwa umenawiri.

"Mambo?" golikipa alimwambia.

"Poa."

"Poa gani, na mguu umekunjwa kama wa kuku wa kuchoma?"

"Bora mimi niliyeumia nikicheza. Wewe ulifungwa huku unachungulia barabarani nani anapita."

"Lilikuwa jua!"

"Jua limevaa shati la bluu na kupanda pikipiki."

Walicheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuangalia. Alinipokea vizuri. Alinieleza, kabla sijauliza, kwamba tangu arudi hajashika jembe, hajachota maji, hajapelekwa hata kanisani. Majirani walikuwa wanaleta maharage yao pale uani wachambue naye ili asikae peke yake. "Kazi zake ni za kukaa tu," alisema. "Hapa hakuna atakayesema tumemtuma mgonjwa shambani."

Baba alirudi kutoka shambani, akaniamkia, nami nikamwamkia. Aliona naangalia kigoda. Alimwambia binti asimame kidogo ashikilie ukuta, akakiinua akanipa nikishike. Kilikuwa cha mti wa mringaringa, kimechongwa kutoka gogo moja, kizito, na kikalio kilikuwa kimebonyea kidogo na kusuguliwa mpaka kikateleza kama sahani. Alikuwa amekitengeneza usiku, kwa siku mbili tatu, kila akirudi kutoka shambani.

"Viti vya dukani ni virefu," alinieleza. "Mguu ungening'inia, damu ingeshuka, ungevimba. Nilimpima kwanza, ndipo nikachonga. Akikaa hapa wayo unafika chini."

Nilimwambia ni kazi nzuri. Ilikuwa kweli. Lakini wakati binti amesimama, kisigino cha mguu ule hakikugusa ardhi, na nilikiangalia mpaka alipokaa tena.

Nyumbani nilianza kusoma. Nina kitabu cha zamani cha wauguzi nilichonunua mnadani pamoja na vitambaa, na sura ya viungo niliipitia zaidi ya mara moja nikiwa na kamusi. Kisha nilikwenda hospitali, idara ya mazoezi ya viungo, nikamweleza mhusika nilichokiona. Alisikiliza. Alisema goti lililoumia na kukaa limekunjwa muda mrefu hujifunga, na kadiri siku zinavyopita ndivyo linavyokuwa gumu kulifungua. Akasema pia kwamba hawezi kutibu mguu ulioko Sigino. "Mlete," aliniambia, na akaita mgonjwa aliyefuata.

Safari ya pili mahindi yalikuwa yameanza kukauka, na upepo wa baridi ulikuwa unashuka kutoka mlimani ukipeperusha makapi uani. Alikuwa kwenye kigoda, sasa anapukuchua mahindi ya mbegu. Nilimwomba alale chali kwenye mkeka, anyooshe miguu. Mguu wa kushoto ulilala. Chini ya goti la kulia niliingiza ngumi yangu, ikapita bila kugusa nyama.

"Sukuma goti chini," nilimwambia.

Alisukuma. Misuli ya paja ilitetemeka na goti halikwenda popote.

"Refa," alisema kwa sauti ndogo, "linashuka?"

"Bado."

"Nikiwa peke yangu najaribu. Likiniuma naacha, maana nikilia mama anakuja."

Nilimweleza baba yake pale pale, na nilijitahidi kusema kwa adabu na bila kuzunguka. Mguu huu unahitaji kunyooshwa kila siku. Kigoda kinaukunja. Abadilishe kiti, na apelekwe hospitali wiki hiyo.

Alikuwa na punje za mahindi mkononi na alizihamisha kutoka kiganja kimoja kwenda kingine.

"Daktari alisema apumzike," alisema.

"Alisema pia arudi aanze mazoezi."

"Atarudi. Akipona atakwenda kwenye mazoezi. Sasa mama, mtu anaumwa, unampelekaje kwenye mazoezi?"

Nilijaribu kumweleza kwamba hayo mazoezi ndiyo dawa yenyewe. Nilipomaliza niliona maneno yangu hayakuwa na pa kukaa. Katika nyumba ile, na katika nyumba zote ninazozijua, mgonjwa hupumzika mpaka apone, na mazoezi ni ya mzima. Wao walikuwa wamelitii neno la daktari kuliko familia nyingi ambazo ningeweza kuzitaja. Walikuwa wamelitii wiki baada ya wiki, katikati ya mavuno, na pengo la jembe moja wakaliziba wenyewe.

Baba aliniruhusu nionyeshe. Nilijaza punje za mahindi kwenye mfuko wa kitambaa, nikauweka juu ya goti huku kisigino kikiwa juu ya gunia lililokunjwa, kama nilivyosoma. Binti aliuma khanga. Alivumilia kwa muda, kisha sauti ikamtoka. Mama yake alikuja kutoka jikoni mikono ina unga, akauondoa mfuko juu ya goti na kuukumbatia kifuani kama kwamba ndio uliokuwa unalia.

"Mama mwenzangu," aliniambia, "nimekukaribisha kwa moyo mmoja. Usinitesee mtoto."

Nilikunywa chai niliyopewa. Baba alinisindikiza mpaka njia kubwa, akasema mahindi yakishaingia ndani atampeleka hospitali, kwa sababu sasa hakuna wa kumbeba na hakuna wa kubaki shambani. Nilimwambia mahindi yataingia baada ya mwezi. Alisema anajua.

Nilimpigia simu mwalimu wa michezo. Alikuwa kwao mkoa mwingine na nyuma yake nilisikia ng'ombe. "Refa, tutulie," alisema. "Chuo kikifunguliwa tutaona." Nilirudi Sigino mara moja nyingine. Walinipokea kama kawaida, lakini mama alikaa kati yangu na binti muda wote, na mazungumzo yakawa ya bei ya mbolea.

Golikipa naye alikuwa akienda kwa wakati wake, bila mimi. Aliniambia wakibaki wawili humkalia mwenzake gotini kwa utani, kidogo kidogo, huku wakiimba nyimbo za hosteli kwa sauti ili nyumbani wasisikie mengine. "Namwambia usiponyoosha nitamchukua yule wa pikipiki," alisema. Hakucheka alipolisema.

Mahindi yalipoingia, baba alitimiza ahadi. Alimpeleka mwenyewe, na mimi nikawakuta pale hospitali. Mhusika wa mazoezi alilishika goti, akalisukuma, akalipindua, akapima kwa kifaa chake. Alizungumza na baba kwa upole. Alisema goti limejifunga. Mazoezi yataanza, lakini baada ya muda wote huu huenda yasitoshe, na atamwandikia rufaa kwenda hospitali kubwa, ambako pengine watalifungua kwa upasuaji. Hakuahidi kwamba litanyooka lote. Kuhusu kucheza aliulizwa na binti mwenyewe, na alisema, "Mwaka huu, hapana." Mtihani je? Alitazama meza yake. Alisema hayo ni ya chuo.

Baba alisikiliza yote. Hakuuliza kwa nini, na hakuna mtu aliyemwambia. Nilikuwa nimeshamwambia, na kama aliikumbuka siku ile uani, hakuonyesha. Alishukuru, akavaa kofia, akamwinamia binti yake amshike bega.

Chuo kilifunguliwa. Siku ya kwanza ya mazoezi nilifika mapema na mfuko wa fulana. Ile ya C nilikuwa nimeishona vizuri, na mwalimu alimpa msichana wa mwaka wa kwanza, ambaye aliipokea huku akiangalia kama kuna mtu atakayemkataza. Tulikuwa tunapasha misuli pikipiki ilipoingia. Dereva, nyuma yake senta wetu, nyuma yake baba, na kigoda kimefungwa kwa mpira juu ya kibebeo.

Baba alikuwa hajawahi kufika uwanjani pale. Alisalimia watu wote mmoja mmoja. Alifungua kigoda, akakitafutia mahali pa tambarare pembeni ya mstari, akakitikisa kuhakikisha hakiyumbi.

"Kaa hapa, uwaone wenzako," alisema.

Akakaa. Mguu ukakunjika, wayo ukafika chini. Golikipa alikuwa tayari ametoka darasani na kiti cha plastiki kichwani, akasimama nacho hatua chache kutoka kwao. Senta alimwangalia na kutikisa kichwa kidogo sana. Golikipa akakishusha kiti, akakikalia mwenyewe.

"Wewe ulikuwa unasimama wapi?" baba aliuliza.

"Pale katikati, kwenye duara."

Baba alilitazama lile duara la chokaa na yule msichana mgeni aliyesimama ndani yake. "Ni padogo," alisema.

"Unaanzia pale tu. Halafu unakimbia kila mahali."

Aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akainama, akaangalia mguu na kigoda, kama fundi anavyoangalia kazi yake mara ya mwisho kabla ya kuikabidhi.

"Kinakufaa?"

"Kinanifaa sana, baba."

Alituaga. Alinishika mkono mimi kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuwa karibu na mtoto wake wakati wa ugonjwa. Nilimwambia asante, safari njema. Pikipiki iligeuka, ikatoka getini, ikashika barabara. Binti alikaa vile vile, mikono magotini, uso kuelekea kiwanjani, akisikiliza. Mlio ulipopotea kabisa ndipo aliponyoosha mkono kwa golikipa bila kugeuka.

"Lete kiti."

Alihamia kwenye kile cha plastiki. Akakivuta kigoda mbele yake, akaunyanyua mguu wa kulia kwa mikono yote miwili, akaweka kisigino juu ya ule mti laini, goti likabaki hewani bila kitu chini yake. Akalikandamiza. Golikipa alianza kuimba, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na wachezaji waliokuwa wakipasha misuli wakageuka kumtazama.

Mwalimu aliniita. Yule wa mwaka wa kwanza alikuwa ndani ya duara, mpira mikononi, akiningoja mimi. Nikaweka filimbi mdomoni.