Jina Bado

Fundi cherehani wa uchochoroni hukata uzi kwa meno, mkasi ukining'inia shingoni bure. Mteja akichungulia na kuuliza, "Fundi, tayari?" yeye hujibu, "Bado," kisha hucheka peke yake, maana ndilo jina la ukoo wao. Babu yake aliulizwa ukoo wake na karani, akasema, "Bado, nafikiria." Karani akaandika neno la kwanza, akamwita anayefuata. Ukoo wenyewe haukuzaana sana. Amebaki yeye na binti zake, na wajukuu wote wamechukua majina ya baba zao. Hilo halisemi, ukimgusia hukanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, basi.

Juzi kitinda mimba wake alijifungua. Fundi alisimama mlangoni mwa wodi, sindano ameisahau kwenye kola. Nesi akamwuliza mzazi, "Mtoto tumwandike ukoo gani?"

"Bado."

"Haya, mkishalipata jina mtaniambia."

Binti akamtupia jicho baba yake, akacheka.

"Tumeshalipata, dada. Ni la babu yake, huyo hapo mlangoni anayelia."